Damu Isiyo na Jeraha

Mlango wa bafu ulikuwa umeng'oka bawaba ya juu, na Inspekta alilazimika kupita kiubavu ili asiuguse. Alisimama kwenye kipande pekee cha sakafu kilichobaki kikavu, akawa anavuta pumzi kwa mdomo, akaanza kuangalia kama alivyozoea, kutoka juu kwenda chini. Dari safi. Taa safi. Ukuta safi mpaka usawa wa kiuno. Kuanzia hapo kushuka, kila kitu kilikuwa damu.

Marehemu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, kidevu kimeangukia kifuani kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Suruali ilikuwa imeshuka magotini. Mtaa mzima ulimwita Fundi Sofa, kwa sababu hakuna nyumba ya jirani ambayo kiti chake hakikupita mikononi mwake.

"Kisu kiko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Tunakitafuta, Afande," alijibu Sajini kutoka ukumbini, leso puani. "Lakini mwenye kisu tunaye. Mdogo wake. Majirani wamemkuta amempakata marehemu hapo hapo ulipo, damu mpaka kwenye nyusi."

Inspekta alivaa glavu, akachutama. Shingo, hakuna kitu. Kifua, hakuna kitu. Viganja, viwiko, mapaja, mgongo, nyuma ya masikio. Alikagua mwili ule kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka mtini, na hakuona hata mkwaruzo wa wembe wa kunyolea. Kisha akaangalia ndani ya choo. Kilikuwa kimejaa mabonge ya damu, meusi na mazito kama maini.

Alikwisha kuona watu waliochinjwa, waliopigwa risasi, waliogongwa na malori. Hakuwahi kuona damu kiasi kile isiyo na mahali ilipotokea.

"Sajini, njoo uone komeo."

Komeo lilikuwa limepinda, na skrubu zake zimetawanyika upande wa ndani. Dirisha lilikuwa dogo, lina nondo, paka asingepenya.

"Lilifungwa kwa ndani," alisema Inspekta. "Aliyevunja alikuwa nje."

"Ndiyo hivyo, Afande. Kaka mtu alijifungia kujiokoa, mdogo akavunja, akaingia akammaliza."

"Akammaliza na nini? Nionyeshe tundu moja tu ambalo damu hii imetokea."

Sajini alichungulia, akarudi nyuma haraka. "Labda mdomoni?"

"Mdomo wake ni msafi kuliko wako."

Uani walimkuta jirani anayekodisha viti na masufuria ya sherehe, mwanamke mwenye sauti ya kipaza sauti. Hakusubiri kuulizwa.

"Asubuhi nimewasikia karakanani kwa masikio yangu haya mawili. Wanagombana, hao! Mdogo mtu akamwambia kaka yake, 'Leo utakwenda tu, hata kwa kubebwa!' Sasa si huyo anabebwa? Mnataka ushahidi gani tena?"

Huyo mdogo alikuwa nyuma ya gari la polisi, pingu mkononi. Waliomfahamu walimwita Msumari, kwa vile kazini alibana misumari midomoni tangu asubuhi hadi jioni, na ukimsalimia anakujibu kwa kichwa. Jua lilikuwa kali kiasi cha kuchoma bati, lakini Msumari alikuwa amejikunyata, meno yakigongana.

"Hatia hiyo, Afande," Sajini alinong'ona. "Ona anavyotetemeka."

Nyuma ya nyumba, mjane wa Fundi alikuwa amekaa juu ya kigoda, macho makavu, hayaangalii popote. Mbele yake palikuwa na beseni lililofunikwa kwa sinia. Inspekta alipoliinua lile sinia, maji yalikuwa mekundu hafifu, na ndani yake mlikuwa na suruali mbili za kiume zilizolowekwa. Mjane alinyoosha mkono kama anayetaka kumzuia, halafu akauangusha.

"Hizi ni za nani?"

"Za kwake."

"Umezifua saa ngapi, na mumeo kafa leo hii?"

"Ni za jana," alisema mjane, akalifunika tena beseni kwa sinia.

Njiani kurudi kituoni Sajini alikuwa ameshamaliza kesi. Shemeji na shemeji, alisema. Mwanamke kampa marehemu sumu ya kumtapisha damu, mdogo mtu akamalizia, nguo zikafuliwa. Aliisimulia kwa raha, mkono mmoja kwenye usukani.

"Marehemu hakutapika," alisema Inspekta, na Sajini akaongeza mwendo.

*

Kituoni walimvua Msumari shati kwa ajili ya ushahidi. Alikuwa mwembamba, mbavu zinahesabika, na chini ya tumbo, kushoto, alikuwa na kovu la zamani lililolala kimshazari kutoka kwenye nyonga kwenda kinenani. Inspekta aliliona kama alivyoona chale ya kidole na ukucha mmoja uliokufa, mambo ya kawaida ya mtu wa nyundo. Wakampa shati la mahabusu.

"Eleza," alisema Inspekta.

Msumari aliangalia meza. Jasho lilimtiririka usoni, na hapohapo alikuwa akitetemeka. "Nimesikia anaanguka. Nimegonga. Nimemwita, kaka, kaka, fungua. Nikavunja."

"Ukakuta nini?"

"Damu inatoka."

"Inatoka wapi?"

Alifumba macho. "Mimi ndiye nimemuua kaka yangu. Mimi ndiye niliyempeleka."

Kalamu ya Sajini ilikimbia juu ya karatasi. Inspekta aliinua kidole kumzuia. "Ulimpeleka wapi?"

"Nilimpeleka mwenyewe. Yeye hakutaka. Nikamwambia, usiogope."

"Wapi, Msumari?"

Lakini alikuwa ameshatoka kwenye swali. Alianza kumwambia mtu asiyeonekana aondoe kiti cha bluu, kiti cha bluu hakijakauka gundi. Kisha akageuka, akamtazama Inspekta kwa macho mekundu, akasema kwa adabu kabisa, "Afande, naomba blanketi. Na mgongo unaniuma."

"Kila anayeingia hapa mgongo humuuma," alisema Sajini walipotoka nje. "Ameshakiri, Afande. Kwa mdomo wake. Tunangoja nini?"

"Mpe blanketi."

"Joto hili?"

"Mpe."

*

Daktari wa maiti alikuwa mzee mwenye kope nyeupe, aliyezoea kuongea na wateja wake kuliko na wazima. Alimkuta Inspekta mlangoni, akamkabidhi aproni bila salamu.

"Binti yangu, umeniletea kitu ambacho nimekisoma vitabuni tu. Njoo. Kwanza tazama hapa."

Alifunua shuka. Chini ya tumbo la Fundi Sofa, kushoto, kulikuwa na kovu la zamani, kimshazari, kutoka kwenye nyonga kwenda kinenani. Inspekta aliinama. Kuna kitu kilimgusa akilini, lakini daktari alikuwa tayari anaendelea.

"Miaka mingi nyuma huyu alikuwa na jiwe. Limetoka kwenye figo, likakwama huku chini, kwenye mfereji unaoshusha mkojo mpaka kibofuni. Mtu wa hivyo hulia kama anajifungua. Akapasuliwa, jiwe likatolewa. Mpaka hapo, sawa. Sasa, ukishatoa jiwe unaacha mrija mdogo ndani, ili mfereji upone bila kuziba. Ncha zake zimejikunja, moja inakaa ndani ya figo, nyingine ndani ya kibofu, usiteleze. Baada ya wiki chache unautoa. Hakuna kupasua tena. Unauvuta kwa njia ileile ya mkojo, mtu anarudi kwake anatembea."

"Na usipoutoa?"

Daktari alichukua sinia la chuma, akalisogeza chini ya taa. Juu yake kililala kitu cheupe, kigumu, chenye magamba, kirefu kuliko kiganja na kimevunjika katikati. Kilionekana kama mfupa wa samaki uliookotwa jaani. Ni kwenye ncha moja tu ndipo palipobaki kipande cha plastiki ya bluu, kimejikunja.

"Huu ndio mrija. Chumvi za mkojo zimeugandia mpaka wenyewe umekuwa jiwe. Mtu anainama, unasugua. Anabeba sofa, unasugua. Na pembeni ya mfereji huu unapita mshipa mkubwa wa damu unaoshuka mguuni, hapa hapa palipopasuliwa, na kovu limevigandisha pamoja. Umesugua, umesugua, mpaka kuta zote mbili zimetoboka."

Inspekta aliangalia sinia lile, akakumbuka bafu. "Damu ikapita njia ya mkojo."

"Yote. Kwa kasi ya bomba. Alikwenda msalani kama wewe na mimi, akafunga mlango, akaanza kukojoa. Alichokiona hapo, Mungu ndiye anajua." Mzee alifunika shuka polepole. "Mara nyingi hutanguliwa na onyo. Damu kidogo, inakata. Siku nyingine tena, inazidi, inakata. Halafu inakuja isiyokata."

"Kwa hiyo hakuna aliyemgusa."

"Sikusema hivyo. Mrija haukujiingiza, wala haukujisahau. Mimi naandika kilichoua. Nani kaua, hiyo kazi yako."

Inspekta aliomba kile kipande kifungwe ndani ya mfuko wa ushahidi.

*

Mjane alikuwa bado kwenye kigoda kilekile. Safari hii Inspekta aliketi chini, kwenye saruji, akawa yeye ndiye anayetazama juu.

"Dada, mumeo alikuwa anakojoa damu."

Uso wa mjane ukavunjika. Aliziba mdomo kwa ncha ya khanga, akalia bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

"Aliniapisha," alisema mwishowe. "Alisema watu wakijua watasema ameleta ugonjwa wa wanawake wa nje. Mwanamume mzima, damu sehemu ile! Kila ikimtokea nafua usiku, naanika ndani. Wiki nzima sasa. Inatoka, inakata. Tukasema imekwisha."

"Hamkwenda hospitali?"

"Alimpigia yule aliyempasua zamani. Yule wanayemwita Bingwa, mwenye kliniki yenye vioo pale juu. Akamwambia ni kichocho tu, anywe dawa. Nimempa mimi dawa hizo, Afande, kwa mkono wangu huu. Nilidhani namponya."

"Na shemeji yako?"

"Msumari alikuwa anagombana naye kila siku. Aende hospitali kubwa. Leo asubuhi kamwambia, leo utakwenda tu, hata kwa kubebwa, na mimi nitakubeba."

Inspekta alifumba macho kidogo. Maneno yaleyale, na jirani alisikia nusu yake.

"Upasuaji huo ulifanyika lini?"

"Sijui vizuri. Mimi nimeolewa nimemkuta na kovu. Alikuwa akinitania kwamba alipigana na simba." Alitaka kucheka, ikashindikana.

Nje, Inspekta alimpigia Sajini simu. Alimwambia amtoe Msumari pingu, ampe maji, amwache apumzike.

"Lakini amekiri, Afande."

"Alikiri kumpeleka. Bado sijajua alimpeleka wapi. Hali yake?"

"Anaropoka tu. Anaongea na viti."

*

Kliniki ya Bingwa ilikuwa na marumaru nyeupe na ubaridi wa kiyoyozi uliomkumbusha Inspekta chumba cha maiti. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya figo mbili zenye rangi nzuri. Bingwa mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mtanashati, na tabasamu lake lilitangulia maneno.

"Karibu, dada Inspekta. Nasikia kuna msiba. Pole yenu. Mimi nahudumia watu wengi, huyo fundi kwa kweli simkumbuki."

"Alikupigia simu wiki hii. Simu yake ninayo."

"Wengi hupiga."

"Ukamwambia ni kichocho."

"Kwa simu, mtu anatoa ushauri wa jumla."

Inspekta aliweka ule mfuko juu ya meza, kati ya kalamu na saa ya mezani. Kiyoyozi kilinguruma. Bingwa aliutazama, akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hicho kinaweza kuwa cha daktari yeyote," alisema.

"Sijakuambia ni nini."

Tabasamu liliondoka, na bila lile tabasamu alionekana mtu mwingine, mzee zaidi. "Sikiliza. Mimi humwambia kila mgonjwa arudi kutolewa. Asiporudi, mimi nifanye nini? Nimfuate kitandani?"

"Huyu ulimwambia?"

"Nilimwambia! Niliwaambia wote wawili. Wale ndugu ni wabishi, tangu mwanzo walikuwa..."

Neno lilikuwa limeshatoka, limekaa pale mezani pamoja na mfuko.

"Nimekuuliza habari za mtu mmoja, Daktari," alisema Inspekta taratibu.

Na hapo ndipo lile lililomgusa akilini kule kwa mzee wa maiti lilipojitokeza lote. Shati linavuliwa. Mbavu. Chini ya tumbo, kushoto, kimshazari, kutoka kwenye nyonga kwenda kinenani. *Mimi ndiye niliyempeleka.* Mkubwa alipelekwa na mdogo, kwa sababu mdogo alitangulia kupasuliwa.

Alisimama kiti kikaanguka. "Msumari anao mrija?"

"Siwezi kuzungumzia mgonjwa bila..."

"Yuko mahabusu kwangu! Tangu asubuhi anatetemeka. Anachemka, anaomba blanketi kwenye joto hili, mgongo unamuuma, anaongea na viti. Nijibu kama daktari, kama kweli uliwahi kuwa daktari. Ana nini?"

Rangi ilimtoka Bingwa usoni. Kwa mara ya kwanza alisahau kujitetea. "Tangu asubuhi? Figo imeziba. Ina usaha, na usaha umeingia kwenye damu. Mpelekeni hospitali. Sasa hivi. Sasa hivi, dada, anakufa huyo."

Inspekta alimwachia askari aliyemsindikiza amlinde Bingwa, akatoka mbio, simu sikioni.

"Sajini! Mahabusu yukoje?"

"Afadhali sasa, Afande. Ametulia. Hata kutetemeka ameacha."

"Mwamshe."

"Si ulisema tumwache..."

"Mwamshe, nimesema!"

Alisikia viatu vikitembea, funguo, mlango wa chuma ukilia. Alisikia sauti ya Sajini ikiita, kwanza kwa ukali, halafu kwa upole, halafu ikiita jina halisi ambalo mtu huitwa na mama yake. Inspekta alikuwa ameshika mlango wa gari na hakuweza kuufungua.

"Afande," alisema Sajini, na sauti haikuwa yake. "Haamki. Yuko baridi kama samaki. Lakini anapumua. Nadhani anapumua."

"Mbebe. Usingoje gari la wagonjwa. Mbebe wewe."

*

Alimkuta Sajini kwenye mlango wa dharura, kofia hana, shati limelowa, bado amenyoosha mikono mbele kama mtu ambaye mzigo wake umechukuliwa na hajui aishushe vipi. Machela ilikuwa imeshaingia.

Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi aliyesema huku anatembea, alimsikiliza Inspekta bila kusimama. Aliposikia neno mrija alisimama. Aliposikia miaka, aliguna.

"Hatutautoa leo. Ukiugusa leo anakufa. Leo tunatoboa mgongoni, tunatoa usaha, tunaona kama atafika kesho. Ndugu yake yuko wapi? Nahitaji wa kutoa kibali."

Aliyeletwa ni mjane. Alishuka kwenye gari la polisi na khanga ileile, akatembea ukumbini akiwa ameweka mikono kichwani.

"Wewe ni nani wake?"

"Shemeji yake." Alisita. "Wa kwetu aliyebaki ni huyu tu. Naye anakwenda? Wote wawili siku moja?"

Aliweka saini, na kalamu ikatoboa karatasi.

Walikaa kwenye benchi, yeye, Inspekta na Sajini. Kila mlango ulipofunguka wote watatu waliinuka nusu, kisha wakaketi. Kuna wakati muuguzi alitoka akikimbia, akarudi na mifuko ya maji, na Sajini akaanza kusali kwa midomo, bila sauti. Mjane alimshika Inspekta mkono akaubana mpaka mifupa ikauma, na Inspekta akauacha.

Daktari alipotoka alikuwa na doa la njano kwenye mkono wa vazi lake. "Usaha umetoka kama umefungua koki," alisema. "Presha imeanza kupanda. Sisemi amepona. Nasema bado yupo."

Alikuwepo kesho yake, na siku iliyofuata. Homa ilipokwisha walimpasua, wakautoa mrija vipandevipande, na figo yenyewe ikatoka pamoja nao, kwa sababu haikuwa figo tena bali mfuko. Alipoweza kuzungumza, kitu cha kwanza alichomwambia Inspekta kilikuwa kilekile, kwamba amemuua kaka yake.

"Nilipona mimi kwanza, Afande. Maumivu yalikwisha kabisa. Kaka alipoanza yake, aliogopa kisu. Nikamwambia twende kwa Bingwa, ana mkono mwepesi. Nikamshika mkono mpaka mlangoni."

"Bingwa aliwaambia mna kitu ndani?"

"Kitu gani?"

Mjane, aliyekuwa akimkunjia mto, alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Ulimpeleka akapone, shemeji," alisema. "Usirudie tena kusema lile neno lako mbele yangu. Na uinuke haraka. Hatujamzika. Tunakungoja wewe."

Msumari aligeuza uso ukutani, na walimwacha alie.

*

Bingwa alihojiwa, wakili wake akiwa kando. Siku ya kwanza aling'ang'ania kwamba wagonjwa ndio wakaidi. Siku ya pili Inspekta aliweka mezani maneno ya Msumari, kila kitu alichosema kitandani, na wakili akaacha kuandika.

"Kifaa cha kutolea mirija kiliharibika," alisema Bingwa hatimaye. Alikuwa anaongea na vidole vyake. "Kliniki ile ya zamani. Nilisema kitatengenezwa, nitawaita. Hakikutengenezwa. Nikahama."

"Huku ukiendelea kuiweka mirija?"

"Bila mrija mfereji unaziba. Ilibidi niiweke."

"Na hukuwaambia."

"Ningewaambia wangeuliza inatolewa lini. Mtu asiyejua anacho haulizi. Wanapona, wanashukuru, wanaondoka. Homa ikija baadaye wanasema malaria. Mgongo ukiuma wanasema kazi."

"Wako wangapi?"

"Sikumbuki."

"Jitahidi."

"Nakwambia sikumbuki!" Alipiga kelele, halafu akainamisha kichwa. "Wengi."

Inspekta alitoka nje, akasimama barabarani. Watu walikuwa wakipita na shughuli zao, mwenye kikapu, mwenye baiskeli, mwanamke aliyesimama akaweka mkono kiunoni kupumzisha mgongo, kisha akaendelea. Inspekta alimfuata kwa macho mpaka alipokata kona.

Tangazo lilisomwa redioni asubuhi na jioni. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mawe na Bingwa, mwaka wowote, awe mzima au mgonjwa, afike hospitali apigwe picha. Siku ya kwanza walikuja wachache, wakicheka, wakisema wameletwa na wake zao. Siku ya pili benchi zilijaa. Siku ya tatu watu walikaa sakafuni mpaka kwenye ngazi, na hakuna aliyekuwa akicheka. Kila jina lilipoitwa, mazungumzo yalikatika. Aliyetoka akiwa ameinua kidole gumba alipita haraka, kana kwamba anaona haya. Aliyetoka ameshika bahasha, wote walimpisha njia.

Inspekta alikuja kuchukua ripoti za kesi. Alimwona Sajini kwenye benchi la mwisho, hana sare, ameketi karibu na mwanamke mzee aliyevaa viatu vipya vya kutokea.

"Mama yangu," alisema Sajini akiinuka. "Alipasuliwa kwa Bingwa. Nilikuwa nimesahau, Afande. Alinikumbusha mwenyewe, jana, tukisikiliza redio. Anasema haumwi chochote."

"Siumwi kabisa," alisema mama, Inspekta alipomwamkia. "Homa za hapa na pale tu, na umri. Huyu mwanangu ananisumbua bure. Shikamoo yako nimeisikia, binti, marahaba."

Waliitwa. Mama alimwomba Inspekta waingie pamoja, kwa kuwa mwanawe, alisema, tangu mdogo ni mwoga wa madaktari. Ndani, yule daktari mfupi alipachika picha kwenye kioo cha mwanga, akaisogelea, akaitazama muda mrefu. Kando ya mifupa ya mgongo, upande wa kulia, ulionekana mstari mweupe mwembamba, umejikunja juu, umejikunja chini.

Sajini hakuitazama picha. Alikuwa anamtazama Inspekta, akisoma usoni mwake.

"Kipo," alisema daktari. "Lakini figo bado inafanya kazi. Tumewahi."

"Kipo nini?" aliuliza mama.

Sajini alifungua mdomo. Siku zile zote ndiye aliyekuwa akiwasimulia wenzake kituoni habari za mirija, tangu bafuni mpaka mlango wa chuma, bila kukosea hata neno. Sasa alipiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono yote miwili, na hakujua aanzie wapi.